Karatasi ya Shahidi

Hakuna mtu kisiwani Mombasa, toka Kizingo hadi Buxton, ambaye Ghassan angeshindwa kumjua undani wake kwa maswali sitini. Maneno hayo ni yake mwenyewe, na aliyasema kila siku dukani kwa ami yake, Ndia Kuu, akiwa ameegemea mashine ya fotokopi kama mtu aliyeegemea gari lake jipya.

"Nipe mtu nusu saa," alikuwa akisema. "Nitakwambia anaogopa nini, anatamani nini, na akinuna atanuna siku ngapi."

Tumpe haki yake, kijana alikuwa na kipawa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne kakimaliza kwa alama za kutosha kumfurahisha mama na zisizotosha kumpeleka chuo kikuu. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kama wembe uliotoka kwenye karatasi. Aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, na kabla mteja hajamaliza kueleza anachotaka, Ghassan keshaandika aya mbili. Watu wakicheka, wakiondoka na barua nzuri kuliko wao wenyewe.

Mambo ya maswali yaliletwa na Mwalimu Truphosa. Huyu ni mama wa bara, mumewe afanya kazi reli, naye kila Jumamosi huwakusanya katika ukumbi mmoja wa Buxton vijana waliomaliza shule wakabaki nyumbani wakihesabu boriti za dari. Huwafundisha kujitambua, mtu ajue nguvu zake ziko wapi, apate kusonga mbele. Siku hiyo aliingia dukani na mafungu matatu ya karatasi za Kizungu.

"Ghassan, nataka nakala thelathini za kila moja," alisema. "Na kama unaweza, unitafsirie. Vijana wangu wanajaza bila kuelewa. Juzi mmoja ameandika jina la babake mahali pa hisia."

Ghassan alizisoma huku mashine ikipata moto. Hojaji ya kwanza iliwagawa wanadamu mafungu kumi na sita, kila fungu na herufi zake nne. Ya pili ilisema watu ni aina tisa, na kila aina ina hofu yake inayoikimbia maisha yote. Ya tatu haikumgawa mtu. Ilimpima kwa mizani mitano, mchangamfu kiasi gani, mpangilifu kiasi gani, ana wasiwasi kiasi gani. Kwa jumla maswali yalikuwa mia mbili na kumi na manne.

"Mwalimu, hawa watu watatu hawajuani," alisema. "Huyu auliza kama napenda sherehe. Huyu naye auliza kama napenda sherehe. Huyu wa tatu auliza kama baada ya sherehe nasikia kuchoka. Si wangekutana kwanza wakaulizana wao?"

"Basi waunganishe wewe," alisema Truphosa, nusu kwa mzaha.

Ghassan hakuwa mtu wa kupewa nusu ya mzaha. Aliyakata maswali yote kwa mkasi, moja moja, akayatandaza sakafuni duka lilipofungwa kwa sala ya adhuhuri na chakula. Siku ya kwanza alisahau kuzima pangaboi, na tabia za wanadamu wote zikapeperuka hadi mlangoni kwa fundi miwani, duka la pili.

Aliyekuja kumsaidia kuziokota ni Shamsudin, mtoto wa fundi miwani, rafiki yake tangu wakiwa chuo cha Kurani wakisoma juzuu kwa sauti. Shamsudin alikuwa kijana mrefu, mtaratibu, wa kuokota vijikaratasi mia mbili bila kulalamika. Kimoja alikisoma, akatabasamu, akaanza, "Hili swali lanikumbusha—"

"Lakukumbusha mamako akiuliza nani kamaliza sambusa," alimalizia Ghassan, na wote wawili wakacheka.

Kazi ilichukua wiki tatu. Maswali yaliyofanana aliyarundika pamoja, akachagua lile lililo wazi zaidi, mengine akayatia kwenye pipa. Yaliyokuwa ya kigeni aliyavisha kanzu. Penye swali la kama mtu hupenda kufahamiana na wageni kwenye karamu, aliandika: "Ukialikwa harusi usikomjua mtu, utakaa karibu na nani?" Mia mbili na kumi na manne yakawa sitini. Herufi nne na nambari tisa alizitupa pia, kwa kuwa hakuna mama wa Mji wa Kale atakayekubali mwanawe aitwe nambari. Badala yake akawapa watu majina ya nyumba: kuna aliye Mlango, mwenye kuanzisha jambo na kukaribisha, kuna Baraza, asiyeishiwa na maneno wala watu, kuna Ngazi, wa kupanga mambo daraja kwa daraja, kuna Dirisha, mwenye kuona yote, na kuna Kisima, mkimya, wa kina, asiyependa kuchotwa mbele za watu.

Alipowajaribia majirani, mambo yakaharibika. Watu wa mtaa ule wamelelewa kwa adabu, na adabu haijui kujaza hojaji. Kwenye swali la kama mtu hukasirika upesi, tisa katika kumi waliandika "Alhamdulillahi". Bi Zakiya, shangazi yake mwenyewe, aliitikia "napenda kukaa peke yangu" na akaitikia vilevile "sipendi kukaa peke yangu".

"Shangazi, utachagua moja."

"Mwanangu, yote mawili yamenijia kwa heshima. Nitalirudisha lipi?"

Wazo kubwa lilimjia hapo. Huku kwetu kijana akipeleka posa, hakuna anayemuuliza yeye kama ni mwema, atajibu nini? Huulizwa jirani, huulizwa anayesimama naye safu moja msikitini, huulizwa aliyewahi kusafiri naye. Basi Ghassan akatunga karatasi ya pili, maswali yaleyale sitini, ila hii hujazwa na shahidi, mtu anayemjua mhusika kwa karibu. Na kwa kuwa mtu hajisemi mwenyewe kwa ukweli, jibu la shahidi akalipa uzito mara mbili.

"Na shahidi akikosea?" aliuliza Truphosa alipoletewa.

"Shahidi hakosei, mwalimu. Ndiyo maana ndoa za huku hudumu."

"Zote?"

"Nyingi," alisema Ghassan. "Zisizodumu, shahidi alikuwa hataki kumkosea mwenye harusi."

Karatasi zikaenea. Wanawake walizijaza wakingoja hina ikauke. Bibi mmoja wa Kizingo, ambaye gari lake halipenyi vichochoroni, alimtuma dereva achukue nakala nne, za wanawe watatu na moja ya mumewe, ya siri. Ghassan akawa hatembei, anaelea.

Ikafika Jumamosi ya majibu. Vijana ishirini na saba walikaa kwenye viti vya plastiki ukumbini Buxton, na Ghassan akasimama mbele akisoma jina, aina, na maelezo mafupi aliyoyatia chumvi na pilipili kwa kila mmoja. Beverly, aliyekuwa na uso wa kutisha mahakimu, akatoka Mlango, watu wakapiga makofi. Khubaib akatoka Ngazi. Akauliza ngazi ya kupandia au ya kushukia.

"Shamsudin," alisoma Ghassan, na sauti yake ikalegea kwa mapenzi. "Huyu hata hojaji haikuhitajika. Huyu ni Kisima cha kisima. Ukitaka neno lake, lete kamba na ndoo. Mpe kazi ya nyuma ya duka, mpe kitu kidogo chenye skrubu ndogo, atakufanyia kwa uaminifu mpaka kiyama. Mbele za watu usimweke, utamwonea bure."

Ukumbi ukacheka, kicheko cha kumpenda. Shamsudin naye akacheka. Akaipokea karatasi yake, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati.

"Umenijua," alisema.

Ghassan aliichukua kuwa sifa.

Alichokuwa hajui ni hiki. Wiki mbili kabla, Truphosa alikuwa ameleta habari darasani kwamba chama cha waongozaji wageni wa Mji wa Kale kinatafuta vijana wawili. Watafanyiwa jaribio Jumamosi itakayofuata hii ya majibu: kila mmoja apewe kikundi cha wageni, akitembeze mtaani saa nzima, wazee wa chama wakifuata nyuma wakisikiliza. Beverly alijiandikisha. Na jina la pili kwenye orodha, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, lilikuwa la Shamsudin. Hakumwambia mtu, si baba yake, si dada yake Haifa, si Ghassan.

Siku ya Alhamisi, kama saa saba mchana, Ghassan alitumwa kupeleka nakala za hati kwa wakili mmoja karibu na Ngome ya Yesu. Alikata njia ya mkato, na kabla hajafika kwenye kona akasikia watu wakicheka. Akachungulia. Walikuwa wageni wanane, wenye kofia za jua na mikoba ya kifuani, na katikati yao mtu aliyewapita wote kwa kichwa. Shamsudin alikuwa ameshika fremu ya miwani mkono mmoja, kana kwamba ameitwa kutoka kazini, na mkono wa pili ukionyesha nyumba iliyoko mbele yake, yenye milango miwili iliyokaribiana kama pua na mdomo.

"Ndugu wawili," alikuwa akisema, na sauti yake ilikuwa pana, imetulia, Ghassan akadhani ni ya mtu mwingine. "Waligombana juu ya nyumba ya baba yao. Wakajenga ukuta katikati, kila mmoja akatoboa mlango wake. Wakanuniana miaka kumi na mmoja. Wakikutana njiani, huyu atazama juu, huyu atazama chini. Lakini ukuta ulikuwa mmoja tu, na mwembamba. Usiku, mmoja akikohoa, mwenziwe ageuka upande wa pili. Basi siku moja mke wa huyu mkubwa, chungu kiko motoni, akaishiwa na chumvi—"

Akanyamaza kidogo, kwa kusudi, na wale wageni wanane wakamsogelea bila kujijua.

Ghassan hakuweza kujizuia. Miguu ilimtoa penye kona na ulimi ukatangulia. "Akaambiwa alambe ukuta," alisema kwa sauti, akijipigia makofi. "Karibuni Mombasa, wageni wetu. Huyu akiwapotezea wakati, mwambieni arudi kwenye skrubu zake."

Walicheka, kwa kuwa alichekesha. Lakini Shamsudin alifunga kinywa kama mtu anayefunga kijaluba cha tambuu. Akaitia ile fremu ya miwani mfukoni.

"Mwenzangu atawafikisha Ngomeni," aliwaambia wageni, kwa ile sauti ndogo ambayo Ghassan aliijua. "Kwaherini." Akaenda zake.

Ghassan aliwapeleka. Njia nzima akiwapa vichekesho, nao wakicheka kwa adabu. Walikuwa walimu kutoka Machakos, na mkubwa wao akiitwa Mwalimu Mumo, mtu mfupi mwenye mvi za upande mmoja. Walipofika langoni, Mumo alibaki nyuma.

"Yule kijana ameifanya kazi hii miaka mingapi?"

"Yupi? Shamsudin? Yule si mwongozaji. Yule hata kusema hasemi."

"Amesema nasi dakika arobaini," alisema Mumo. "Tulimsimamisha kumuuliza njia tu. Mimi nina miaka thelathini mbele ya ubao, kijana wangu, na ningependa kusema kama yeye." Akafuta kipaji cha uso kwa leso. "Chumvi iliishia wapi?"

"Chumvi gani?"

"Ya yule mke. Kisa hukukijua?"

Ghassan alizihamishia zile hati kwapa la pili. Nyumba ya milango miwili alikuwa akiipita kila siku tangu azaliwe.

"Nikuambie jambo la kialimu?" alisema Mumo, bila ukali. "Darasani huwa na mtoto mkimya, na ukitazama vizuri utakuta amekaa na mtoto mwenye maneno. Ukiwatenganisha, ndipo unapojua nani ni nani. Alinyamaza ulipokuja wewe."

Ghassan alirudi dukani na zile hati za wakili bado kwapani. Alifungua kabati, akatoa faili la Shamsudin, akaziweka karatasi mbili upande kwa upande, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kwani alama alikuwa akiziingiza tu kwenye kompyuta ikajumlisha.

Swali la kumi na nne: Hupenda kuzungumza na watu asiowajua. Shamsudin: "Sana." Shahidi: "Kamwe."

Swali la ishirini na mbili: Akiwa na kisa kizuri, hutamani kukisimulia. Shamsudin: "Sana." Shahidi: "Hana visa," na kando, kwa kalamu, kiuso kinachocheka.

Swali la arobaini na moja: Watu humsikiliza mpaka mwisho. Hapo Shamsudin alikuwa ameandika "Mara chache", akaikata, akaandika "Inategemea nani yupo".

Shahidi hakuandika kitu. Alilipita swali. Na mwandiko wa shahidi, ulioinama mbele kwa haraka, ulikuwa wa Ghassan.

Alijumlisha upya kwa mkono, bila karatasi ya shahidi. Kisima kilipata alama kumi na moja. Baraza ikapata hamsini na nne.

Alimpigia simu Truphosa.

"Ah, Ghassan, ulinisaidia sana," alisema Truphosa. "Shamsudin alikuja Jumatatu akafuta jina lake kule kwa waongozaji. Amesema ile karatasi imemwonyesha si mtu wa kazi hiyo. Nikasema afadhali amejua mapema."

Ghassan akakaa juu ya boksi la karatasi. "Mwalimu, mrudishe."

"Siwezi kumrudisha mimi. Arudi mwenyewe. Na ninapeleka orodha leo saa kumi."

Saa ilikuwa nane na nusu. Kutoka duka la fotokopi hadi kwa fundi miwani ni hatua kumi na mbili, na Ghassan alizitembea kama mtu anayevuka daraja la Nyali kwa miguu. Baba mtu hakuwepo. Haifa, dada mkubwa, alikuwa akifuta vioo vya kabati. Alimtazama Ghassan, akatazama zile karatasi mkononi, akachukua ndoo yake akaenda uani. Shamsudin alikuwa ameinamia fremu, skrubu ndogo imekaa kwenye ncha ya kidole.

"Nimekuja kukwambia hojaji yangu ni mbovu," alisema Ghassan.

"Si mbovu. Watu wameipenda."

"Yako ni mbovu. Ile siyo wewe. Ile ni mimi ninavyokuona, mara mbili." Akaziweka karatasi juu ya meza. "Ulijibu vizuri, na majibu yako yakafutwa na yangu. Wewe ni Baraza, tena Baraza hasa. Jina lako ulilifuta kwa ajili ya upuuzi wangu."

Shamsudin hakuziangalia. "Mimi sikuamini hesabu, Ghassan. Hesabu ningeibishia. Nilijua shahidi ni wewe." Akaiweka ile skrubu chini polepole. "Nikasema, huyu tuko pamoja tangu tuna miaka sita. Kama yeye hajaona kitu, basi labda hakipo. Labda nadanganyika mwenyewe."

Ghassan alikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, yote tayari. Aliyameza, na hayakuwa matamu.

"Na wewe," alisema Shamsudin, "shahidi wako alikuwa nani?"

"Mimi?"

"Ulitoka Mlango. Nani alikujazia?"

Pangaboi la fundi miwani lilikuwa likilialia juu yao. "Nilijaza mwenyewe," alisema Ghassan. "Zote mbili. Moja kwa kalamu nyeusi, moja kwa buluu."

Shamsudin alicheka mpaka akashika meza ili skrubu zisimwagike. Ghassan akacheka naye, ila si sana. Kisha akauliza, "Chumvi iliishia wapi?"

"Hutaki kusikia."

"Nataka."

"Ghassan, hiki kisa nimekianza mbele yako mara nne."

"Basi kimalize."

Shamsudin alimtazama, kama anayekagua kioo kama kina mkwaruzo. Akaanza. Mke wa mkubwa aliishiwa na chumvi, chungu kiko motoni, na mumewe amekataza mtu wa nyumba ile kuukanyaga mlango wa pili. Akagonga ukuta kwa mchi. Mke wa mdogo akagonga naye. Siku hiyo wakatoa jiwe moja, chumvi ikapita. Siku ya pili ikapita limau. Kisha bakuli la mchuzi haliingii, wakatoa jiwe la pili na la tatu. Alisimulia bila haraka, akiacha nafasi, na kila penye nafasi Ghassan alihisi ulimi ukimwasha kama umeumwa na siafu, akautia katikati ya meno.

"Mwaka wa kumi na mmoja," alisema Shamsudin, "wale ndugu wakapatanishwa. Wakakumbatiana njiani, watu wakalia. Wakaingia ndani kuuvunja ukuta. Waliposogeza kabati, wakakuta wake zao wana mlango tangu mwaka wa pili, na pazia limetundikwa."

Haifa alikuwa amerudi na ndoo yake, amesimama.

"Mimi ndugu yangu nimemjua leo," alisema Haifa, na hakuwa akimtazama Shamsudin, alikuwa akimtazama Ghassan.

"Mpigie mwalimu," alisema Shamsudin. "Simu yangu haina chaji. Lakini nisikize. Jumamosi usije."

"Nitasimama mbali."

"Hata mbali. Nikikuona, nitanyamaza. Si kosa lako peke yako, nimeshazoea kukuachia. Siku hii moja, kaa dukani."

"Nitakaa dukani," alisema Ghassan, akaapa kwa Mola, akabonyeza nambari ya Truphosa.

Jumamosi, basi, Ghassan alikaa dukani. Alifungua saa mbili, akawasha mashine, akatoa nakala za vyeti vya watu na hakuinua mguu mpaka adhuhuri. Wageni walipita Ndia Kuu, yeye hakutoa hata shingo. Kufikia saa sita zikaja habari kwamba Beverly kachukuliwa na Shamsudin kachukuliwa, na kwamba wazee wa chama, badala ya kumfuata Shamsudin saa moja, walimfuata saa mbili na mmoja wao akakosa dawa zake.

Hivyo ndivyo alivyoyasimulia mwenyewe, Jumanne iliyofuata, mbele ya mashine. Waliokuwa wakisikiliza ni Joab, karani wa bandarini, aliyekuja kutoa nakala za pasipoti, na Shamsudin mwenyewe, aliyekuwa akingoja kitambulisho chake kipya cha uongozaji kitiwe plastiki. Ghassan alikuwa amebadilisha pia ile hojaji. Shahidi sasa hahesabiwi mara mbili, na kila mtu huleta mashahidi watatu, mmoja wao awe mgeni. Hilo alilieleza kwa urefu.

"Lakini siri ya kumkuza mtu si maswali, Bwana Joab," alisema, akilainisha pembe za plastiki. "Siri ni kumwachia nafasi. Mimi nilitoa ahadi, nikakaa hapa hapa, saa nzima na nyingine juu yake. Unajua ugumu wake? Mtu kama mimi?"

"Ninaweza kuelewa," alisema Joab.

Shamsudin alitabasamu. "Kweli alikaa. Ningemwona."

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Ummulkheir, ajuza anayekaa mkabala na ile nyumba ya milango miwili, bahasha ya vyeti vya kliniki mkononi. Akaamkiwa shikamoo na wote watatu, akaitikia marahaba mmoja mmoja, akapewa kiti, akakaa, akavuta pumzi.

"Jumamosi ipi hiyo, mwanangu?" alimuuliza Ghassan. "Hii iliyopita?"

"Chai, Bi Ummulkheir? Nikuagizie chai?"

"La, nimekunywa. Jumamosi hii saa nne si wewe uliyekuwa kibarazani kwangu, nyuma ya mashuka niliyoanika? Nikakwambia karibu ndani, hukuitika. Umejiziba kinywa kwa mikono, umetoa mato, watokwa na machozi."

Mashine ilimaliza nakala ya mwisho ya Joab ikanyamaza. Ghassan alikitazama kile kitambulisho kama kinahitaji kulainishwa zaidi.

"Mkono mmoja au miwili, Bi?" aliuliza Shamsudin.

"Miwili, babu. Nikadhani jino lamuuma, nikamletea karafuu."

"Akaitafuna?"

"Akazitafuna zote saba," alisema Bi Ummulkheir, "na neno hakunijibu."